Hendeli za kigari cha bibi zinatikisika, niongeze boliti ya tatu?

Swali limetoka kwa fundi wa kuchomelea vyuma, yuko Wete, Pemba. Anasema hivi: "Assalaam alaykum fundi. Nimemtengenezea bibi yangu kigari cha kutembelea cha matairi manne, kile cha kusukuma na kujiegemeza, kwa skwea paipu. Hendeli nimezifanya za kupanda na kushuka kwa sababu dadake bibi anaishi hapa hapa na yeye ni mrefu, wanakitumia wote wawili. Paipu ya nje ni mili 25, ya ndani mili 20, zote unene mili moja na nusu, nafunga kwa boliti ya spana 13. Hendeli zinatikisika mbele na nyuma, zikiwa juu ndo zaidi, bibi anasema anahisi kama kigari kinataka kumwacha njiani. Nimeongeza boliti ya pili chini ya ile ya kwanza lakini hali ni ile ile. Niongeze ya tatu au nibadilishe nitie chuma kizito?"

Waalaykum salaam warahmatullah, mdogo wangu. Mwenyezi Mungu akulipe kwa hiyo kazi na ampe bibi afya, na huyo bibi mwengine pia.

Usiongeze boliti. Na chuma kizito kiwache, utawapa hao wazee mzigo wa kusukuma tu na hendeli zitatikisika vile vile. Boliti kama hizo zako kazi yake ni kushika urefu, yani hendeli isishuke pale ulipoiweka. Kutikisika ni kesi nyengine kabisa, kunaamuliwa na vitu viwili tu, uwazi ulobaki baina ya paipu ya ndani na ya nje, na kiasi gani paipu ya ndani imezama ndani ya mwenziwe. Mie kila kigari kinacholetwa hapa kwangu mjini kwa malalamiko ya hendeli naanza kwa kuchomoa hiyo paipu ya ndani nikaipima, na mara nyingi sana nakuta imezama sentimita nne au tano basi, na nyengine zote zinaelea juu.

Twende kwenye paipu zako. Ya nje ni 25, unene moja na nusu kila upande, ndani inabaki 22. Ya kuingia ni 20. Ina maana una uwazi wa mili 2 mzima. Sasa chukua mfano hendeli ikiwa juu kabisa kwa ajili ya yule bibi mrefu, paipu imezama mili 50 tu, na kutoka mdomo wa paipu ya nje mpaka mkono unaposhika ni mili 280. Hesabu yake ni nyepesi, uwazi gawanya kwa ilozama, zidisha kwa ilobaki juu: 2 kwa 50 mara 280, unapata mili 11. Sentimita moja na zaidi, kwenye kiganja cha mtu ambae miguu yake haimwamini. Hiyo ndo bibi anaisikia, na hakosei hata kidogo.

Sasa badilisha kitu kimoja tu, paipu izame mili 150 badala ya 50, uwazi uwache ule ule: mili 3 na ushei. Halafu punguza na uwazi kutoka mili 2 uje robo ya mili au karibu na hapo: inabaki nusu ya mili, mkono hauisikii. Hujaongeza boliti hata moja wala kilo ya chuma.

Na sababu ya boliti yako ya pili kutosaidia ni hii, umeitia karibu na ya kwanza, na matundu yote mawili umeyatoboa makubwa kidogo kuliko boliti ili iingie bila kupiga nyundo, ambavyo ni sawa, kila mtu hufanya hivyo. Lakini boliti mbili zilokaribiana, kila moja ina nafasi yake ndogo ya kucheza, ni kama kumshika mtu mlevi kwa vidole viwili kwenye bega moja. Tazama mlingoti wa mashua, unashikwa pahala pawili, juu unapopita kwenye ubao na chini kabisa unapokaa kwenye mkuku, na hizo sehemu mbili ziko mbali mbali, ndo maana unabeba tanga na upepo wote ule. Hendeli yako nayo inataka kushikwa mdomoni mwa paipu ya nje na kwenye ncha ya chini ya paipu ya ndani, na hizo sehemu mbili ziwe mbali kadiri utakavyoweza.

Jengine ambalo mafundi wengi wanalipuuza: ukipandisha hendeli, ile sehemu ilozama inapungua na ilobaki juu inaongezeka, zote mbili kwa wakati mmoja. Kwa hivyo pima na kata kwa ajili ya yule bibi mrefu. Ukimfanyia yeye pakawa pagumu, mfupi atapata pagumu zaidi bila kufanya kitu. Ukianza na mfupi ndo yanakukuta haya yalokukuta.

Basi kabla hujashika grainda, wapime. Msimamishe kila mmoja wima kadiri anavyoweza, awe amevaa kile anachotembelea kila siku, kama ni ndara basi ndara, kama ni makubadhi basi makubadhi, mikono aiwache ining'inie, halafu pima kutoka chini mpaka ule mkunjo wa kifundo cha mkono. Hapo ndo hendeli ikae. Akishika, kiwiko kitapinda kidogo, kama nyuzi 20 au 30 hivi, na huo mpindo ndo unampa nguvu ya kujiegemeza. Ikiwa juu sana mabega yanapanda na hawezi kukandamiza chini, ikiwa chini sana anainama na kigari kinamkimbia mbele. Tuseme bibi ametoka sentimita 74 na dadake 84. Una safari ya sentimita 10, matundu matano, moja kila mili 25, yanakutosha. Paipu ya ndani basi iwe na mili 280 juu na 150 chini ukiipandisha mwisho, jumla 430 mpaka pale inapopinda kwenda kwenye hendeli. Ukiishusha mwisho itazama mili 250. Hapo angalia fremu yako: hizo mili 250 za ndani ya paipu ya nje ziwe wazi tupu, isiwepo boliti ya kiti wala weldingi ilopenya ndani, mana mara nyingi ndo kinachomfanya fundi akate paipu ya ndani fupi, amegota kwenye boliti ya kitu chengine akaona bora akate kuliko kuihamisha boliti. Hamisha boliti.

Sasa kuziba uwazi, na hapa nitakaa kidogo.

Chini, kwenye ncha ya paipu ya ndani, nakutaka utie bushi ya plastiki. Nenda sokoni kanunue kibao cha plastiki cha kukatia nyama, kile cheupe kinene. Plastiki yake hainywi maji, na hilo kwetu ni jambo kubwa, nailoni inakunywa unyevu ikavimba, na kwa hewa hii ya visiwani bushi ya nailoni ulioifanya kavu ikateleza vizuri, masika ikifika inashika haipandi wala haishuki. Kata kipande cha urefu kama mili 45. Mili 25 za juu zichonge ziwe 17 kwa 17, hizo zinaingia kwa kubana ndani ya paipu ya mili 20. Mili 20 za chini ziwache kubwa, zipige tupa polepole mpaka ziteleze ndani ya paipu ya nje bila kucheza na bila kukwama (hizo zinatoka chini ya paipu ya ndani, kwa hivyo zile mili 250 za wazi ziwe 270). Ukiingiza utakuta inagota upande mmoja, usianze kuipiga tupa pande zote nne, huo ni mshono wa paipu, ule mstari wa weldingi wa kiwandani unaopita ndani urefu wote. Tazama uko upande gani, uchonge mfereji mdogo kwenye bushi upande huo tu upite mshono. Kisha funga bushi kwa skrubu moja fupi ya kichwa bapa, kichwa kizame kisawasawa na chuma.

Juu, mdomoni, kuna njia nyingi lakini kwa skwea paipu mie naipenda moja, boliti ya kwenye kona. Watu wanachomelea nati kwenye uso wa paipu, boliti inasukuma paipu ya ndani ubavuni, inabana mbele na nyuma lakini kushoto na kulia bado inacheza, na uso wa paipu ni mwembamba, kila ukikaza unabonyea, kila ukibonyea unakaza zaidi. Ukichomelea nati kwenye kona, boliti inaisukuma paipu ya ndani kwa mshazari mpaka inajikunyata kwenye kona ya pili, imekaliwa na pande mbili kwa pamoja, na kona ndo pahala pagumu kuliko pote kwenye skwea paipu. Boliti moja inamaliza kutikisika kwa pande zote.

Namna ya kuifanya: piga grainda kona kidogo tu pawe na ubapa wa nati kukaa, kama mili 25 chini ya mdomo, toboa, funga boliti kuukuu yenye grisi ndani ya nati ili nyuzi zisiharibike kwa moto, ndo uchomelee. Baadae pitisha tupa ndani uondoe kitu chochote kilochomoza. Kwenye zile pande mbili ambazo paipu itasukumiwa, tia vipande viwili vya plastiki ya dumu la mafuta ya kupikia, kuna madumu manene na membamba, pima utafute linalokaribia mili moja, kunja ncha ya juu itoke nje ya mdomo na uikamate kwa ribiti. Hivyo paipu itakaa katikati, haitolia chuma kwa chuma na rangi haitokwanguka. Ncha ya boliti inapogusa paipu ya ndani weka kipande kidogo cha shaba ili isile rangi, mana rangi ikitoka hapo ndo kutu inapoanzia.

Kona ipi? Hili usilibahatishe. Bibi anaposhika, mkono uko nyuma ya nguzo, yani hizo paipu za kusimama zinazobeba hendeli, uzito wake unaivuta nguzo ilale nyuma, kwa hivyo mdomoni paipu ya ndani inakandamiza ukuta wa nyuma. Tia boliti kona ya mbele, upande wa nje, isukume kuelekea nyuma. Hapo uzito wa bibi unabebwa na ukuta wa paipu. Ukiitia nyuma, kila anapojiegemeza anaisukuma boliti yenyewe, na boliti inayosukumwa mchana kutwa italegea. Na sababu nyengine ya kuitia mbele ni kanga na buibui. Kishikio cha boliti kikiwa nyuma kinamnasa nguo, nguo ikivuta kila siku inakifungua kidogo kidogo.

Lakini boliti ya kona isiwe ndo peke yake inayoshika urefu. Ikilegea, hendeli inateremka. Zile boliti zako za spana 13 bakisha moja iwe pini ya urefu, ipite moja kwa moja, tumia nati yenye plastiki ndani, na usiikaze kwa nguvu, ukikaza unazibana kuta za paipu mbili zenye utupu katikati, zinabonyea, matundu yanapanuka na utakuwa umejitengenezea uwazi mpya. Ikiwa wanabadilisha kila siku basi pini yenye kotapini au klipu ni bora kuliko spana, mana bibi hatochukua spana, ataiwacha kwenye urefu wa dadake atembee hivyo hivyo mabega juu.

Matundu toboa ubavuni, kushoto na kulia, usitoboe mbele na nyuma. Ni kwa sababu nguzo inapindwa kwenda nyuma, ukuta wa nyuma unabanwa na wa mbele unavutwa, huko ndo chuma kinafanya kazi kubwa, na tundu ukilitia hapo umekata chuma pale pale kinapohitajika. Ubavuni katikati kimepumzika. Umeshatoboa mbele na nyuma? Basi paipu hiyo ya ndani iwache, kata mpya, ni chini ya mita moja kwa hendeli mbili zote.

Nikupe na hesabu ya nguvu ili uone kuwa kuzama sio suala la kutikisika peke yake. Chukua mtu wa kilo 90, ameshika hendeli ambayo imetoka sentimita 12 nyuma ya nguzo, akaegemea mkono mmoja kwa uzito wake wote, na wazee hufanya hivyo, anapoinuka barazani mkono mmoja uko ukutani na mmoja kwenye kigari, ukuta ukiteleza yote inahamia kwenye kigari. 90 mara 12 ni 1080. Paipu ikizama sentimita 5, mdomo wa paipu unasukumwa kwa nguvu ya kilo 216. Ikizama 15, kilo 72. Paipu zile zile na mtu yule yule. Mdomo unaokula kilo 216 kila siku utafunguka kama ua, ushauona bila shaka kwenye vigari vya zamani, mdomo umetanuka upande mmoja na watu wanasema paipu imechoka.

Kuna tukio moja ndo lililonifanya niwe mkali kwenye jambo la pini. Zamani nilimtengenezea mzee mmoja mtaani kwetu kigari cha paipu za mviringo, nikatumia vitufe vya springi, vile vinavyochomoza kwenye tundu. Vizuri, vyepesi, havitaki spana. Kulia kitufe kilitoka vizuri, kushoto kilitoka nusu, kimeegemea ukingo wa tundu, na nusu hiyo ilibeba, akatembea nacho siku mbili nzima. Siku ya tatu anateremka ngazi ya msikiti mkono wa kushoto ukazama ghafla, tundu moja tu, mili 25. Alhamdulillahi kulikuwa na kijana pembeni akamdaka. Mili 25 kwako wewe na mie si kitu, kwa yule mzee ilikuwa kama ardhi imefunguka, alikaa wiki mbili hataki kugusa kigari. Tangu siku ile kitufe nikitumia natia na kibano cha pili, na nazungushia rangi nyekundu chini ya kichwa cha kitufe, ukiona nyekundu yote kimetoka kamili, usipoiona hakijatoka.

Na rangi ikusaidie na wewe. Zungusha mstari wa kijani kwenye paipu zote mbili za ndani pale urefu wa bibi unapokaa mdomoni, na mwekundu wa dadake. Kulia na kushoto ziwe sawa sawa, hendeli moja ikiwa tundu moja juu ya mwenzake kigari kinavuta upande na mgongo unapinda.

Sasa suala la kuanguka kinyumenyume, hukuliuliza lakini lazima ulijue mana linatokana na huko kupandisha. Nguzo zako zimelala nyuma kidogo, sivyo? Vigari vingi vimefanywa hivyo. Nguzo ikilala nyuzi 15, kila ukiipandisha sentimita 10 hendeli inarudi nyuma sentimita mbili na nusu hivi. Yule bibi mrefu basi anashika nyuma zaidi kuliko mfupi. Ukifika pahala hendeli iko nyuma ya tairi la nyuma, akiegemea tu matairi ya mbele yananyanyuka na kigari kinamjia yeye. Pandisha hendeli mpaka mwisho, ning'iniza timazi kutoka ncha ya nyuma kabisa ya hendeli, uzi uangukie mbele ya pale tairi la nyuma linapogusa chini. Ukiangukia nyuma, ama simamisha nguzo wima zaidi ama sogeza ekseli nyuma. Hapa hapana njia ya mkato, na breki haisaidii, breki inazuia tairi lisizunguke, fremu kubinuka inabinuka vile vile.

Kwa anaetumia paipu za mviringo, na najua wapo, somo lenu liko kwenye baskeli. Nguzo ya kiti cha baskeli inashikwa na klempu kwenye paipu ilopasuliwa mkato mmoja, ukikaza klempu paipu nzima inakumbatia nguzo na uwazi unakufa. Usukani wa baskeli za zamani nao unashikwa na kabari ndani, ukikaza boliti ya juu kabari inapanda inabana ukuta wa ndani, haitikisiki hata ukibeba magunia. Na nguzo nyingi za baskeli zina alama ya mwisho wa kuvuta, usipandishe kupita hapo, waliojaribu kuipita wanajua. Tia alama kama hiyo kwenye kigari chako. Ukipasua paipu kwa ajili ya klempu, mwisho wa mkato toboa tundu la duara, la sivyo ufa utaendelea kutembea kuteremka chini. Na mviringo una tatizo lake, hendeli inaweza kuzunguka ikaelekea pembeni, kwa hivyo pini ni lazima. Kwenye hili skwea paipu yako imekutangulia.

Baskeli inakufaa na kwenye kishikio chenyewe. Ncha za usukani wa baskeli za kawaida zina mili 22.2, ambayo ni ile paipu ya saba ya nane ya inchi (7/8), ukiitumia hiyo kwa sehemu ya kushika basi mipira ya hendeli na vikono vya breki vya baskeli vinaingia bila kuchonga kitu. Mpira uvae kwa spiriti, unateleza ukiingia na spiriti ikikauka mpira umeshika. Usitumie sabuni wala mafuta, ule mpira utazunguka mkononi mwa bibi siku ya mvua. Kama vidole vyake vina maumivu ya viungo tafuta mpira mnene, kukunja ngumi kubwa ni rahisi kuliko ngumi ndogo. Na pale kishikio kinapokutana na nguzo tia kipande cha bati la pembe tatu chini yake, hiyo kona ndo inayopasuka kwanza.

Waya wa breki uwache na kitanzi cha kutosha hendeli ikiwa juu kabisa, mpira wa nje wa waya usikazike. Ukiwa na ulegevu huo, kupandisha na kushusha hakubadilishi breki, lakini ukiwa mfupi hendeli ikipanda inavuta waya na matairi yanashikwa yenyewe. Kitanzi kikae ndani, kisinase kitasa cha mlango.

Chumvi tunaijua. Fremu yako ni ya chuma, basi rangi ndani ya paipu haifiki, toboa kijitundu chini ya kila nguzo maji yatoke. Boliti tia za stenlesi, na nyuzi zake zipake grisi, stenlesi kwa stenlesi kavu inashikana mpaka ukate kwa grainda. Anaetengeneza kwa alminiamu ajue kuwa boliti ya stenlesi ikigusa alminiamu palipo na chumvi, alminiamu ndo inayoliwa, inatoa ule unga mweupe unaovimba, na paipu mbili za alminiamu zikishikana hivyo hutoitoa ya ndani tena. Tenganisha kwa bushi na grisi, na kila mwezi ichomoe uifute.

Nakumbuka kitu kimoja kila nikifanya kazi hii. Kigari cha namna hii alikibuni mwanamke wa Sweden, Aina Wifalk, mwaka 1978, na yeye mwenyewe alikuwa amepata polio, miguu yake ilikuwa na matatizo. Alikijua kigari kwa mikono yake. Wewe na mie miguu yetu mizima, kwa hivyo bibi akisema kinataka kumwacha njiani, hicho ni kipimo, kiandike pembeni ya vipimo vyako vya vanieri. Ukitaka kujua wenzetu wanapima vipi, kuna kiwango cha kimataifa cha vigari vya matairi, ISO 11199-2, kinapima kubinuka, kubeba uzito na kuchoka kwa chuma.

Wewe huko Wete utapima kwa madumu. Hendeli ikiwa juu kabisa, funga breki na ziba matairi kwa mawe, mtu mmoja akanyage fremu mbele. Tundika madumu manne ya lita 20 yalojaa maji katikati ya kishikio kimoja, hizo ni kilo 80, kama mmoja wao ni mzito zaidi ongeza. Usiyatundike kwa kishindo, teremsha polepole. Piga alama ya kalamu kwenye paipu pale mdomoni kabla, na uiwache kutoka adhuhuri mpaka alasiri. Ukirudi, alama haitakiwi kuwa imeshuka, na ukitoa madumu nguzo irudi pale pale ilipokuwa, ikibaki imelala hata kidogo chuma kimeshapinda, kibadilishe. Fanya na hendeli ya pili. Halafu shika zote mbili sukuma mbele na nyuma kwa nguvu mara mia mbili, hesabu kweli, kisha angalia weldingi zote kwa tochi. Rangi ikiwa na mstari mwembamba kama unywele, chini yake kuna ufa.

Yakishapita hayo mpe kwanza yule bibi mrefu, kwa sababu yeye ndo anatumia hendeli zikiwa juu. Simama nyuma yake, mikono yako karibu na kiuno chake bila kumgusa, atembee uani kwenye sakafu, baadae kwenye mchanga, na umuulize mikono inasikia nini. Nipe jibu lake, na unipe na kipimo cha ile paipu ya ndani ulioichomoa, imezama ngapi.